Kiti cha Katikati

Kwenu Saitoti, Mwende na wote wa yadi,

Naomba mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo kuandika kwangu kumekuwa kupiga namba kwa rangi nyuma ya viti vya kukodisha vya bosi. Mahali herufi zimenikimbia, someni vile mnajua nilitaka kusema. Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari la Sifa, binti ya dada yangu, kwa ruhusa yake. Nimeandika kidogo kidogo kwa siku sita, watoto wakienda shule.

Mlipoleta tenti huku Kajiado kwa matanga, karibu kila mmoja wenu alinivuta kando akaniuliza, "Wafula, kwani ilikuwaje huko?" Nikasema nitawaambia. Mnanijua. Mtu akinitazama usoni maneno yananikwama kooni, na kwa simu ni vibaya zaidi. Sasa nawaambia.

KUTOKA KITENGELA

Dada yangu Metrine alikuwa Doha mwaka wa tatu, akifua na kupiga pasi nguo za hoteli. Huku alimwacha mume wake, Baba Sifa, ambaye ni mwalimu hapa Kajiado mjini, pamoja na watoto wao wawili. Mama na mimi tulikuwa Kitengela, kwenye ile nyumba ya kupanga mnayoijua. Siku moja Violet, msichana wa kwetu aliyekuwa akilala chumba kimoja na Metrine, alipiga simu akalia kabla ya kusema. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani mwa Metrine. Alikuwa hospitali, anaongea, anajua watu, lakini daktari alisema mshipa unaweza kupasuka tena wakati wowote, na ukipasuka mara ya pili hataongea tena. Kila akiamka alikuwa akiuliza jambo moja: "Mama amepanda ndege?"

Mambo ya makaratasi sitayaandika, yananichosha hata kuyakumbuka. Tukawa watatu wa kwenda: Mama, Baba Sifa na mimi.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wengine wenu mnalijua kwa kupanga viti tu. Kwetu Magharibi mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai benchi moja. Mama akimwona Baba Sifa kwa mbali, anavuta leso kichwani na kugeukia upande. Si chuki. Ni heshima, na Mama ameishika miaka kumi na moja bila kuiacha hata siku moja. Ndiyo maana kwenye harusi za watu wetu bosi huniachia mimi upangaji, niache njia pana kati ya mama na wakwe zake, na kama nafasi ni ndogo, nimweke mtu katikati.

Basi Baba Sifa alinipigia simu akasema, "Wafula, wewe ndiye mtu wa viti. Hakikisha umekaa katikati yetu." Mama naye, bila kujua nimeshaambiwa, akasema, "Mimi sijawahi kupanda ndege. Niko na imani na wewe. Ukae katikati."

Nikakuta kwamba kwenye ndege kuchagua kiti ni malipo mengine. Tiketi unayo, safari ni yako, lakini ukitaka kujua utakaa wapi na nani, unaongeza. Usipoongeza wanakuweka popote. Saitoti, unakumbuka ulivyoshika kichwa? "Yaani mtu akodi viti kwetu, halafu tumwambie ukitaka kukaa karibu na bibi yako ongeza kitu? Si watatupiga na hivyo viti!" Sote tulicheka. Nililipa. Nikapata viti vitatu vya safu moja, 12A dirishani kwa Mama, 12B kwangu, 12C kwa Baba Sifa. Niliandika namba hizo kwenye kiganja kwa kalamu, kama tunavyofanya tukienda kupanga tenti ya watu wengi.

Ndege ilikuwa ya saa tatu asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri Saitoti alitufuata na pikapu ya yadi. Mbele kuna kile kiti kimoja kirefu cha watu watatu. Mama akaingia, nikaingia katikati, Saitoti akashika usukani. Baba Sifa alikuwa amefika kutoka Kajiado akiwa na suti yake ya kufundishia na begi moja. Akatupa begi nyuma, akapanda juu ya maturubai.

"Mwalimu," Saitoti akamwita, "njoo mbele bwana, Wafula aende huko. Baridi ya Athi River itakumaliza."

"Saitoti, wewe endesha."

"Haki, sisi Wamaasai tuko na heshima ya mkwe, lakini nyinyi mmepita!"

Mama alicheka ndani ya leso. Naandika hilo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akicheka safari nzima. Tulipofika uwanja wa ndege, Baba Sifa aliteremka suti ikiwa nyeupe kwa vumbi la viwanda vya simiti vya njiani, macho mekundu kwa upepo. Saitoti alimpangusa mgongo kwa kofia yake, akamwambia Mama kwa jina la Mungu la kwao, "Enkai iwatangulie," akaondoka.

UWANJANI

Pale kaunta dada mmoja alichukua hati zetu, akabofya, akabofya tena. Akasema ndege imechelewa kidogo. Kisha akanipa karatasi tatu za kupandia.

"Ndege imebadilishwa," akasema. "Viti vyenu ni hivi."

Nikasoma. 22A, Mama. 22B, Baba Sifa. 31E, mimi.

Simu yenye risiti ya malipo ilikuwa mfukoni. Kiganjani 12B ilikuwa bado inasomeka. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, na mtu mmoja alikuwa akinigonga visigino kwa sanduku lake. Nilitunga maneno: dada, nililipia viti, hawa wawili hawawezi kukaa pamoja. Yalifika mpaka kwenye meno. Yule dada akainua macho, akaniangalia vizuri tu, bila ukali.

"Kuna shida?"

Nikasema, "Hakuna."

Nimeandika barua yote hii ili niandike neno hilo moja. Angenipigia kelele labda ningejibu. Aliniuliza kwa upole, nikasema hakuna.

Nilijiambia kwamba ndani ya ndege watu watabadilishana tu, kama kwenye mkutano wa kanisa. Sikumwambia Mama. Sikumwambia Baba Sifa. Nilikunja zile karatasi nikazishika mwenyewe.

Saa tatu ikafika, ikapita. Saa nne. Hakuna ndege. Tulikaa sakafuni karibu na lango kwa sababu viti vilijaa. Mama alikuwa na kopo la chapati na mayai ya kuchemsha, limefungwa kwa taulo, na mnajua Mama ana sukari, akimeza dawa lazima ale. Lakini hawezi kula mkwe wake akiona. Baba Sifa kwa adabu yake akaenda kusimama mbali kabisa, lango la nne kutoka letu. Mama akafungua kopo. Kipaza sauti kikaita jambo, Baba Sifa akarudi mbio akidhani ni sisi, Mama akafunika kopo. Haikuwa sisi. Akaenda tena. Kikaita tena. Ilikwenda hivyo asubuhi yote, na kufikia mchana Mama alikuwa amekula nusu yai.

Mama mmoja aliyejitanda buibui nyeusi, na mifuko mitatu mitupu imekunjwa mapajani, alikuwa akinitazama.

"Wewe si yule kijana wa viti? Kitengela? Ulileta viti kwangu mjukuu wangu alipozaliwa."

Nilimkumbuka. Ni Mama Zamzam, mwenye duka la vitambaa na manukato. Yeye husafiri kununua mali kila baada ya miezi michache, na ndege kwake ni kama sisi na lori.

"Mbona hawasemi ukweli?" akasema. "Ndege yao imeharibika. Hii tunayongoja si yao. Wamekodi."

"Ndege inakodiwa?"

"Walahi, nyingi unazoziona hapo nje ni za kukodi. Wengine wanakodi miaka, wanapaka rangi yao, huwezi kujua. Wengine wanakodi ya haraka kama hii ya leo, inakuja na rubani wake na wahudumu wake. Kwani nyinyi tenti ikiraruka mnafanya nini?"

"Bosi anakodi ya Rongai. Inakuja na vijana wake."

"Na ile ya Rongai ni sawa na yenu?"

"La. Viti vyake ni vipana. Safu hazitoshani."

"Basi ndiyo hiyo. Ulilipia kiti?"

Nikamwonyesha kiganja.

"Hiyo namba ilikuwa ya tenti nyingine, kijana. Sasa simama, nenda pale, paza sauti. Mimi nikilipia kiti, nakaa kiti. Nenda!"

Nikasema nitaenda. Nilisimama, nikatembea mpaka karibu na meza yao. Walikuwepo wanaume watatu wakigombana na yule dada wa pale, naye alikuwa karibu kulia. Nikapita, nikaenda chooni, nikarudi.

Saa sita Violet alituma ujumbe: "Ameamka. Anauliza kama mmepanda." Mama akaniamuru nijibu, akisema neno moja moja ili niandike: "Mwambie Mama yuko mlangoni."

SAFU YA ISHIRINI NA MBILI

Tulipanda saa saba mchana. Ndege ilikuwa nyeupe tupu, bila jina ubavuni. Ndani, viti vilikuwa vya rangi mbili tofauti, na maandishi ya ukutani yalikuwa ya herufi nisizozijua. Wahudumu walikuwa watu wa mbali sana, Kiingereza chao kama changu, kila mmoja anakivuta upande wake.

Mama alikwenda mbele yangu, nikamwonyesha dirisha la 22. Akakaa. Akapigapiga kiti cha kando yake kwa kiganja.

"Kaa basi."

Sikuwa na pa kukaa. Baba Sifa alikuwa amesimama nyuma yangu, akasoma karatasi yake kwa mara ya kwanza, akasoma namba ya juu, akasoma karatasi tena. Akanitazama. Baba Sifa hajawahi kunipigia kelele, hata siku hiyo hakunipigia. Alisema tu, polepole, "Wafula, umefanya nini?"

Kiti cha tatu, cha njiani, alikuwa ameshakaa bwana mmoja wa shati jeupe na kompyuta. Baba Sifa akamwinamia, akamwomba kwa Kiingereza chake cha ualimu abadilishane nami. Yule bwana akajibu bila ubaya, "Samahani, nimelipia hiki. Huko nyuma ni katikati, siwezi." Baba Sifa akaomba safu ya mbele, akaomba safu ya nyuma. Kila aliyekaa pazuri alikuwa amelipia au alisema amelipia. Na yeye hakukaa. Alisimama njiani na watu wakikwama nyuma yake.

Mhudumu mmoja mrefu akaja. Akauliza shida ni nini. Baba Sifa akasema hawezi kukaa kando ya mama huyu.

"Humjui?"

"Namjua. Ni mama wa mke wangu."

Yule mhudumu akatabasamu kwa furaha ya kweli. Akamshika bega Baba Sifa akasema, "Oo, vizuri! Kaa na mama yako!" Baba Sifa akasema basi mimi na yeye tubadilishane, lakini mhudumu akatikisa kichwa, ndege inaondoka, kila mtu akae namba ya karatasi yake, akamsukuma kidogo kwa upole, mpaka akakaa.

Nilipelekwa 31E, kati ya wanaume wawili waliolala kabla ya ndege kuondoka. Kutoka hapo niliona sehemu ndogo tu ya safu ya 22. Niliona leso ya Mama imefunika kichwa chote, imeelekea dirishani. Niliona bega la Baba Sifa limegeukia upande wa pili, amejikunja mbali na Mama hadi yule mwenye kompyuta akawa anamsukuma kwa kiwiko. Walikaa hivyo saa moja. Walikaa hivyo saa mbili. Nilijua safu tisa ni hatua ngapi, nilizihesabu, lakini taa ya mikanda iliwaka na ndege ikaanza kutikisika, na kila nilipofungua mkanda mhudumu wa nyuma alininyooshea kidole.

Ndege ilipotulia kidogo chakula kilikuja, mkokoteni wao ukiziba njia yote, wali na kuku kwenye kisahani chenye mfuniko. Niliona kisahani cha Mama kikirudi kimefungwa. Cha Baba Sifa kikarudi kimefungwa. Angekula yeye, Mama angeaibika. Angekula Mama, yeye angeaibika. Mimi nilikula changu. Sijui kwa nini naandika hilo, lakini nilikula chote.

Kisha ndege ikatikisika tena, nikaona leso imeanguka.

Kichwa cha Mama kilikuwa kimelala kwenye dirisha, kikigongagonga. Taa ndogo ya kuita ikawaka juu yao. Hakuna aliyekuja kwa sababu wahudumu nao walikuwa wamefungwa mikanda. Nilisimama. Nikapiga kelele, au nilidhani nimepiga, "Mama ana sukari!" Yule wa kando yangu akanivuta shati nikae. Nilichoona baadaye ni mkono wa Baba Sifa. Ulipita nyuma ya shingo ya Mama ukainua kichwa. Mkono wa pili ulikuwa na kikombe cha maji ya machungwa cha yule bwana wa kompyuta. Ulikwenda juu, ukashuka. Ukaenda juu tena. Halafu kopo la Mama likafunguliwa, na ule mkono ukaanza kukata chapati vipande vidogo, kimoja kimoja, kama mtu anayelisha mtoto.

Ilichukua muda mrefu. Bwana wa kompyuta alikuwa amefunga kompyuta yake, ameshika taa ya simu ili Baba Sifa aone.

Tulipotua nilikimbia mbele. Mama alikuwa ameshajifunika. Alitembea mwenyewe, polepole, hadi kwenye ukumbi mrefu, Baba Sifa akiwa mbali nyuma. Hapo Mama alisema nami.

"Ulisema utakaa katikati."

Hajalirudia tena hadi leo.

DOHA

Joto la Doha lilitupiga mlangoni, ingawa ilikuwa jioni. Violet alikuwa akitungoja. Alipotuona hakuja mbio. Ndipo nilipojua.

Metrine alikuwa hai. Lakini saa tisa mchana mshipa ulipasuka tena. Tungetua saa nane ile tuliyoahidiwa, kutoka pale hadi hospitali si mbali. Violet hakutaka kutuambia alichosema Metrine, Mama akamlazimisha.

"Alisema, mbona mlango ni mrefu hivyo? Si alisema yuko mlangoni?" Violet akajifuta uso kwa kitambaa chake. "Nikamwambia ndege imechelewa. Akasema, basi nitalala kidogo, akifika niamsheni."

Tulimkuta kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ikimpumulia. Walikuwa wamemnyoa nywele. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya pasi, mpaka kwenye viwiko, mengine ya zamani, mengine mapya. Mama alikwenda upande mmoja wa kitanda, Baba Sifa upande wa pili. Kitanda kilikuwa katikati yao, na mimi nilisimama miguuni. Kila mmoja akamshika mkono wake.

Usiku huo, Baba Sifa na mimi tukiwa kwenye benchi la nje, aliniambia kilichosemwa ndani ya ndege. Alimwambia Mama, "Nisamehe." Mama, macho yakiwa yamefungwa, akajibu, "Usimwambie Metrine."

"Nikamwambia sitamwambia," Baba Sifa akasema. "Sasa ona."

Nilitaka kumwambia kuhusu kaunta. Nilitunga maneno. Hayakutoka.

Asubuhi yake Mama aliinama sikioni mwa Metrine. Alisema kwa Kibukusu, si kwa kunong'ona, alisema kwa sauti yake ya kawaida ya jikoni, na Baba Sifa alikuwepo ng'ambo ya kitanda akisikia. Alisema, "Mwanangu, mume wako alinilisha. Alinilisha kwa mkono wake. Ni mtu mzuri uliyempata." Metrine alifariki siku hiyo adhuhuri. Mashine haikusema kitu cha ajabu. Muuguzi aliizima tu, chumba kikawa kimya.

Tulikaa siku tisa tukingoja ruhusa ya kumrudisha, Mama kwa Violet, Baba Sifa na mimi kwa kijana mmoja wa kwetu. Sina la kuandika juu ya siku hizo. Tulikula mkate na maziwa. Mama alikunja nguo zote za Metrine, akazikunjua, akazikunja tena. Kiatu kimoja cha kazini hatukukiona mpaka tukaondoka.

KURUDI

Siku ya kurudi, kaunta ilikuwa na kijana wa rika langu. Akauliza kama tunataka kuchagua viti, akataja malipo yake. Nilikuwa na pesa kidogo za akiba nilizoziweka ndani ya soksi. Nilizitoa pale pale mbele ya watu. Nikasema kwa Kiingereza, "Vitatu. Safu moja. Sisi watatu pamoja." Kijana akasema ndege ya leo haijajaa, labda tutapata bila kulipa. Nikasema, "Nataka kulipa. Nataka viandikwe."

Akaviandika. 19A, 19B, 19C. Nilimfanya asome namba mara mbili.

Metrine alikuwa ameshapelekwa upande wa mizigo. Kwake hakuna aliyeniuliza anataka kukaa wapi.

Ndege hii ilikuwa yao wenyewe, yenye jina ubavuni. Mama akaingia dirishani. Nikataka kuingia katikati, akaweka kiganja juu ya kile kiti.

"Wewe nenda kakae pale," akasema, akionyesha safu tupu ya nyuma yetu. "Hapa ni pa Metrine."

Akatoa kwenye begi kitambaa cha kichwa cha Metrine, kile cha kazini, cha buluu. Akakikunja mara nne, akakiweka juu ya kiti. Akafunga mkanda juu yake na kuukaza. Baba Sifa alikuwa amesimama njiani. Alikaa 19C, miguu imenyooka, mgongo umeegemea vizuri, uso mbele. Mama naye hakugeukia dirisha. Walikuwa na mtu katikati.

Mimi nilikaa nyuma yao. Mhudumu akaja akihesabu watu, akasimama.

"Nani anakaa hapa?"

Mama hajui Kiingereza. Baba Sifa alinigeukia. Mhudumu akainama kuchukua kile kitambaa, akieleza kwamba vitu vyote lazima viwekwe juu au chini ya kiti, na kwamba kama kiti ni changu lazima nikikalie.

Nilisimama. Watu walinitazama, safu nyingi. Nikasema, "Dada, kimelipiwa."

Alinitazama. Nikatoa risiti, nikamwonyesha namba. "Kimelipiwa," nikarudia. "Anayekikalia yuko chini, kwa mizigo."

Sijui kama nilisema vizuri. Yule mhudumu aliisoma ile risiti. Kisha akakiacha kitambaa, akagusa ule mkanda kuona kama umefungwa sawasawa kama anavyogusa ya watu wengine, akapita.

Chakula kilipokuja, Mama alikula. Baba Sifa alikula. Hawakutazamana.

KAJIADO

Mengine mliyaona wenyewe. Mlikuja na lori, mkasimamisha tenti mbili kwenye uwanja wa kanisa, na hakuna aliyehitaji kuambiwa jinsi ya kupanga. Mlimweka Mama kushoto, Baba Sifa kulia, njia pana katikati kama nilivyowafundisha. Kesho yake tukampeleka Magharibi tukamzika kwao Baba Sifa, mvua ikinyesha.

Sasa nakaa hapa Kajiado na Baba Sifa na watoto. Napika, nafua, nawapeleka shule. Yeye anajaribu, lakini jioni anakaa na vitabu vya kusahihisha na kalamu haitembei. Siku moja hatimaye nilimwambia kuhusu kaunta, kwamba dada yule aliniuliza kama kuna shida nikasema hakuna. Akasema, "Ndege ingechelewa vile vile, Wafula." Ni kweli. Lakini Mama angekuwa amekula.

Mama anakuja kila Jumapili baada ya ibada kuona wajukuu. Haingii ndani, hilo halijabadilika. Anakaa nje kwenye kivuli cha nyumba. Zamani Baba Sifa angeondoka aende mjini mpaka Mama aende zake. Sasa anatoka na kiti chake, anakaa. Hawaongei sana. Mama akitaka kumuuliza jambo la watoto, anauliza akitazama mbele, naye anajibu akitazama mbele.

Hii inanileta kwenye jambo nililokuwa naogopa kuandika. Ile siku ya matanga, mlipopakia lori, Mwende alihesabu viti mara tatu na kikakosa kimoja. Nilimsikia akigombana na vijana. Si wao. Ni mimi. Nilikificha nyuma ya tangi la maji. Ni namba 112, cheupe, chenye ufa mguuni, kile ambacho hamkipendi.

Kiko nje hapa kati ya viti vyao viwili, na kitambaa cha buluu kiko juu yake.

Muulizeni bosi kama anakitaka. Akisema ndiyo nitakirudisha nikiwa nimekiosha, na mimi mwenyewe nitamwomba msamaha, kwa barua. Lakini niandikieni kwanza, hata kama ni mistari miwili, hata kama ni Saitoti kunitukana tu. Msije na lori bila kusema, hasa Jumapili, kwa sababu siku hiyo kina mtu.

Wafula